Mnazi ulioinama: nilivyojifunza kufundisha na kusoma kwa mtandao

Leo nina maelezo marefu kidogo, kwa hiyo kama umelipia nusu saa tu hapo kafe, bora uongeze.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa intaneti kafe moja karibu na stendi ya Muheza, nachapa barua yangu kwa vidole viwili kama kawaida. Kompyuta ya pembeni alikaa kijana anajaza fomu ya kuomba chuo. Akafika mahali fomu inapouliza kama unataka kusoma kwa kuhudhuria darasani au kwa njia ya masafa, akasita. Akanigeukia: "Mwalimu, shikamoo. Hivi hii ya kusoma kwa mtandao ni kusoma kweli, au ni kununua cheti kwa vocha?"

Nikacheka, nikamwambia inategemea. Jibu la ovyo kabisa! Mwalimu wa hisabati ukijibu "inategemea" bila kusema inategemea nini, ujue hujajibu kitu. Kijana akachagua darasani na maisha yakaendelea, ila swali lake limenikaa kichwani mpaka leo. Mimi nimekaa pande zote mbili za jambo hili. Nimefundisha kwa simu, mwanzoni vibaya sana, baadaye afadhali. Kisha mwenyewe nimekuwa mwanafunzi wa mtandaoni nikiwa na mvi. Nilikuwa na la kumwambia, na sikumwambia.

Turudi Machi 2020. Tarehe 16 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona hapa nchini, na siku iliyofuata Waziri Mkuu akatangaza kwamba shule zinafungwa. Nilikuwa nafundisha hisabati kidato cha nne, sekondari ya kata, mkondo wenye wanafunzi 52. Mtihani wa taifa ulikuwa mwisho wa mwaka ule ule. Leo tunajua kwamba kidato cha sita walirudi Juni 1 na madarasa mengine Juni 29, na kwamba wenzetu wa Uganda walisubiri mpaka Januari 2022 shule zao zifunguke zote. Lakini Machi ile nani alijua? Tulikaa tu, tunasikiliza taarifa ya habari.

Simu yangu wakati huo ilikuwa simujanja, ila ujanja wake mimi sikuuona. Nilipiga, nilipokea, nilituma pesa, basi. Nikasikia kuna shule za Dar zinafundisha kwa video, mwalimu yuko kwake na watoto wako kwao, wanaonana. Nikasema kama wao wanaweza, na mimi nina ubao.

Nikaupaka mlango wa stoo rangi nyeusi. Nikaifunga simu kwa mpira wa baiskeli kwenye mgongo wa kiti. Mpwa wangu akanisaidia kupakua programu ya vikao vya video na kutuma kiungo kwenye kundi la WhatsApp la darasa, ambalo lilikuwa na wanafunzi 19. Ndiyo, 19 kati ya 52. Shikilia namba hiyo, nitairudia, maana siku ile mimi mwenyewe sikuitilia maanani.

Kosa la kwanza lilikuwa la saa. Programu iliandika kikao ni "2:00 PM" na mimi nikaona inatosha. Saa nane mchana wakaingia wanafunzi watano. Saa mbili usiku, nikiwa nakula, wakaingia wengine saba na kusubiri kwenye chumba kitupu! Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, programu inahesabu kuanzia usiku wa manane, na mtoto aliyeona tarakimu 2 akasoma saa mbili. Tangu siku hiyo kila tangazo langu naandika kwa maneno: saa nane mchana, baada ya chakula.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Nilifundisha dakika 40 nzima, nikichora, nikifuta, nikitoa na utani. Jioni mwanafunzi mmoja akanitumia ujumbe: "Mwalimu samahani, sisi tulikuona umenyoosha mkono tu, ukakaa hivyo hivyo mpaka mwisho."

Kesho yake nikaenda kafe kuomba msaada. Anayesimamia pale ni mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye niliwahi kumtoa nje ya darasa kwa kosa la kuchezea simu. Mungu naye ana utani wake. Nikamweleza shida yangu, akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Ticha, wewe si wa hisabati? Hebu piga hesabu."

Tukapiga. Video ya ubora wa kawaida inapitisha kama kilobiti 600 kila sekunde. Dakika 40 ni sekunde 2,400. Zidisha, unapata kilobiti 1,440,000. Biti nane ndiyo baiti moja, kwa hiyo gawa kwa 8: kilobaiti 180,000, yaani megabaiti 180. Hicho ni kipindi kimoja, somo moja, mwanafunzi mmoja. Mpe vipindi vitano vya hisabati kwa wiki, zimeondoka megabaiti 900. Mpe masomo saba ya namna hiyo, bando la wiki linapita gigabaiti 6. Baba yake anauza machungwa kwa fungu.

Sasa chukua sauti peke yake. Sauti iliyobanwa vizuri inaweza kupita kwa kilobiti 16 tu kila sekunde. Maelezo ya dakika tatu ni kilobaiti 360, hazifiki nusu megabaiti. Halafu maandishi. Kiswahili chetu kinaandikwa kwa herufi za kawaida zisizo na alama juu wala chini, kila herufi ni baiti moja. Ukurasa wa herufi 2,000 ni kilobaiti 2. Kwa hiyo kwa gharama ya kile kipindi changu kimoja cha kunyoosha mkono, ningeweza kumtumia kila mtoto kurasa 90,000. Tulirudia hesabu mara mbili kwa sababu sikuamini.

Kijana akaniongezea jambo la pili ambalo nadhani wengi hawalijui. Maandishi yakikuta mtandao mbovu yanasubiri mlangoni mpaka mlango ufunguke, hata kama ni kesho asubuhi. Video ya mubashara haisubiri. Kila kipande lazima kifike kwa sekunde yake, kikichelewa kinatupwa, na wewe unaona picha imeganda. Ndiyo maana mwenye mtandao hafifu anaweza kupokea meseji zote za siku lakini hawezi kumwona mwalimu kwa dakika mbili mfululizo.

(Alinifundisha pia niache kuandika kwa herufi kubwa tupu. Mimi nilijifunza kuchapa kwa taipureta ya ofisi, matangazo yote tuliyachapa kwa herufi kubwa, nikaona ndiyo heshima. "Ticha, huku ukiandika hivyo unakuwa unawafokea watu." Kumbe nilikuwa nimelifokea kundi zima mwezi mzima.)

Nilirudi nyumbani nikamsimulia mama. Mama yangu ni mwalimu mstaafu, mmoja wa wale walioitwa walimu wa UPE. Kwa ninyi vijana ambao hamjui: Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi kufikia mwaka 1977, lakini walimu wa kuwafundisha watoto wote hao hawakuwapo. Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba na kuwafundisha ualimu wakiwa hapo hapo kazini. Walipata vijitabu, walisikiliza vipindi vya redio, na walikuwa na waratibu waliowasimamia karibu na walikoishi. Makumi ya maelfu ya walimu walipatikana kwa njia hiyo. Watani wakageuza herufi za UPE kuwa "Ualimu Pasipo Elimu", utani ambao mama haupendi hata kidogo, na usimjaribu.

Mama akaniuliza, "Kwa hiyo wewe umewapelekea redio?" Nikasema ni zaidi ya redio, mama, wananiona. Akasema, "Redio ilikuwa tamu. Tulikuwa tunakaa watu sita tunasikiliza, ikiisha tunaagana. Aliyenifanya nisome ni mratibu. Alikuwa anakuja na baiskeli Ijumaa anauliza: zoezi la nne liko wapi?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoelewa. Kumfundisha mtu aliye mbali kunahitaji vitu vitatu, na vilijulikana tangu enzi za mama. Kwanza kitu cha kusoma, ambacho mwanafunzi anakaa nacho na kukirudia kwa wakati wake. Pili sauti ya mwalimu, ili asijione peke yake. Tatu mtu wa kufuatilia, anayeipokea kazi, anaisahihisha, anairudisha, na usipoleta anauliza kulikoni. Kompyuta na simu zimebadilisha vyombo vya kubebea tu. Mimi nilikuwa nimehangaika wiki tatu na hicho cha pili, tena kwa njia ya gharama kuliko zote, na kile cha tatu sikuwa nacho kabisa.

Nikaanza upya. Kwanza nikachukua daftari nikaandika majina yote 52, na mbele ya kila jina simu gani inamfikia, ya nani, na iko nyumbani saa ngapi. Kazi hii ilinichukua siku nne za kuzunguka, na nakwambia ndiyo kazi muhimu kuliko zote nilizofanya mwaka ule. Wale 19 wa WhatsApp nilikuwa nao. Wengine 21 walifikika kwa kiswaswadu cha mzazi, cha kaka au cha jirani, yaani meseji ya kawaida tu. Waliobaki 12 hawakufikika kwa simu yoyote, hao niliwaachia karatasi kwenye maduka matatu, mwenye duka anampa mtoto akija kununua chumvi.

Nikagundua pia kwamba simu za familia hazikai nyumbani. Zinatoka asubuhi na baba au na kaka wa bodaboda, zinarudi usiku. Meseji ya saa tatu asubuhi inasomwa na abiria! Nikahamishia kila kitu saa mbili usiku.

Meseji ya kawaida ina nafasi ya herufi 160. Ukimwambia mwalimu aandike zoezi kwa herufi 160 atalalamika, mimi nililalamika pia, lakini ufinyu ule ulinifundisha kuuliza maswali mazuri. Hili ndilo lililofanya vizuri kuliko yote:

"Simamisha fimbo ya mita 1 juani. Pima kivuli chake. Saa hiyo hiyo pima kivuli cha mnazi. Tafuta urefu wa mnazi. Nitumie vipimo 2 na jibu."

Ukiwa na fimbo yenye kivuli cha sentimita 80, na mnazi wenye kivuli cha mita 9.6, unagawa 9.6 kwa 0.8, mnazi una mita 12. Ni somo la pembetatu zinazofanana, limo kwenye mtaala, na halihitaji bando. Uzuri mwingine ni kwamba huwezi kunakili kwa mwenzako, maana mnazi wa kwenu siyo mnazi wa kwao. Majibu yalikuja kwa wingi ambao sikuwahi kuuona hata darasani. Asiye na mnazi alipima mwembe, mmoja alipima mnara wa simu na kufukuzwa na mlinzi.

Kwa wale wa WhatsApp niliongeza sauti za dakika tatu, moja kwa kila mada, na wao walinipigia picha kurasa za daftari. Hapo kuna ufundi kidogo: daftari liwekwe karibu na dirisha, mchana, simu iwe juu yake sawasawa, kalamu iwe nyeusi. Penseli haionekani. Hesabu za sehemu na vipeo usijaribu kuzichapa kwenye simu, utazeeka. Ziandike kwa mkono, piga picha.

Na kulikuwa na jambo ambalo sikulitegemea. Darasani kwangu, ukiuliza swali, wananyoosha mikono wale wale wanne. Kwa maandishi wakaanza kujitokeza watu ambao sikujua sauti zao. Mmoja alikuwa binti wa dawati la nyuma, nimemfundisha tangu kidato cha pili na sikumbuki kama aliwahi kuniuliza kitu. Alitumia simu ya kaka yake. Alituma vipimo vyake viwili na jibu, halafu akaongeza meseji ya pili: "Mwalimu, mnazi wetu umeinama. Hii hesabu inatoa urefu wa mnazi au urefu kutoka chini mpaka kileleni?"

Msomaji, hilo ni swali la mtu anayefikiri hisabati. Njia ya kivuli inakudai kitu kiwe kimesimama wima kama fimbo. Mnazi ukiinama, kwanza kivuli chenyewe kinahama, kinarefuka au kinafupika kutegemea umeinamia upande gani. Pili, hata ukifanikiwa kupata kimo cha kilele kutoka ardhini, urefu wa shina ni jambo lingine, unahitaji kujua umbali kutoka kwenye shina mpaka chini ya kilele, halafu umwite Pythagoras. Wanafunzi 40 walipima na hakuna mwingine aliyeliona hilo, na mwalimu wao pia hakuliona.

Nilifurahi mno. Nikasema swali hili linastahili jibu zuri, ngoja nitulie nichore mchoro. Nikatulia. Nilikuwa na meseji nyingi za kusahihisha, karatasi za madukani, na shamba. Nilimjibu siku ya nane.

Hakujibu. Nikaweka nukta mbele ya jina lake kwenye daftari, nikaendelea na wengine. Wiki iliyofuata nukta ya pili. Nilikuwa na watu 52, na nilijiambia kwamba huyu ana akili, huyu hana shida. Juni 29 tulipofungua, hakuja. Kaka yake akaniambia alishaondoka mwanzoni mwa mwezi, amekwenda Dar kufanya kazi za ndani, mama mmoja anayefahamiana na familia alikuja kumchukua.

Sitaki kujipa ukubwa nisiokuwa nao. Nyumbani kwao kulikuwa na shida ya pesa, na shida ile haikuhusu mnazi. Huenda ningejibu usiku ule ule na bado angeondoka. Lakini mratibu wa mama angefika Ijumaa na baiskeli yake akauliza zoezi liko wapi, na kama kulikuwa na mazungumzo ya kumpeleka mtoto Dar, angeyakuta yakiwa bado mazungumzo. Mimi nilikuwa na nukta tu kwenye daftari. Mtihani ulifanyika kuanzia Novemba ile, dawati la nyuma likiwa na nafasi.

Baada ya hapo nikaamua na mimi nikae upande wa pili nione kukoje. Kozi ya kwanza niliyolipia nitaisema bila jina. Unasoma ukurasa, unabonyeza endelea, ukurasa, endelea, mwishoni maswali kumi ya kuchagua ambayo unaweza kuyarudia mpaka upate yote. Hakuna binadamu aliyeniandikia hata neno moja. Cheti kilikuja kwa baruapepe ndani ya dakika, kina nembo nzuri ya dhahabu. Sikumbuki nilichojifunza. Kijana wa kafe, kile ulichokiita kununua cheti kwa vocha kipo, nilikinunua.

Kozi ya pili ilikuwa tofauti. Kufikia wakati huo walimu tulishagawiwa vishikwambi, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022, kwa hiyo kifaa hakikuwa tatizo tena. Tatizo lilikuwa mimi. Nenosiri nililisahau mara tatu wiki ya kwanza. Kazi ya kwanza ilikuwa kuandika aya moja ya kujitambulisha ambayo wenzangu wote wangeisoma, nikaiandika na kuifuta jioni nzima. Mtu mzima, miaka kumi na kitu nasimama mbele ya watoto bila woga, naogopa aya moja! Nikamkumbuka binti yule, nikajiuliza aliandika mara ngapi lile swali lake kabla ya kulituma.

Kozi ile iliendeshwa kwa Moodle, programu ambayo vyuo vingi vinaitumia, kikiwemo Chuo Kikuu Huria chetu, kwa sababu chuo kinaweza kuichukua bila kulipia leseni. Historia yake inapendeza. Aliyeitengeneza ni Martin Dougiamas, raia wa Australia, na toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2002. Huyu bwana alikulia jangwani huko Australia Magharibi, mbali na shule yoyote, akasoma utotoni kwa redio. Kule wana kitu kinachoitwa Shule ya Hewani, kilichoanza rasmi katika mji wa Alice Springs mwaka 1951: mwalimu yuko mjini, watoto wako kwenye mashamba mamia ya kilomita mbali. Redio yenyewe ilikuwa ya kwenda na kurudi, mtoto anabonyeza na kumjibu mwalimu. Redio ya mama yangu ilikuwa ya kusikiliza tu, ndiyo maana akahitaji mtu wa baiskeli. Aliyelelewa na redio inayojibu ndiye aliyetengeneza programu yenye sehemu ya kujadiliana, ya kukabidhi kazi na ya kurudishiwa kazi na maoni.

Moodle pia inaweka kumbukumbu: nani ameingia, siku gani, amefungua nini, ameishia wapi. Ni daftari langu la nukta, linalojiandika lenyewe. Ila lina upofu ule ule, tena zaidi. Linamjua aliyeingia na aliyeacha kuingia. Asiye na simu kabisa halimjui, hana hata nukta. Wale 12 wa karatasi za dukani kwenye mfumo kama ule wasingekuwapo.

Mei 12, 2024, siku ya Jumapili, nyaya mbili zinazotuletea intaneti kupitia chini ya Bahari ya Hindi zilikatika kwa pamoja, na Afrika Mashariki nzima ikayumba. Nilikuwa na kazi ya kukabidhi usiku huo. Nimekaa na kishikwambi, duara linazunguka, linazunguka. Nikalala nikijua nimefeli. Jumatatu mchana simu ikaita, ni mkufunzi wa kozi: "Mwalimu, sijaona kazi yako, na wewe huwa huchelewi. Uko salama?" Aliniongezea siku tatu. Jamani, nilikaribia kulia kwa sababu ya kazi ya kurasa nne.

Haya, kijana wa kafe, sasa nakujibu. Inategemea nani anasoma unachokiandika. Kabla hujalipia kozi yoyote ya masafa, waulize: kazi yangu anasahihisha mtu au mashine? Inarudi baada ya siku ngapi, na inarudi na maneno au na alama tu? Nikinyamaza wiki mbili, nani atanipigia? Wakikwepa maswali hayo, kimbia. Waulize pia kama masomo yanaweza kupakuliwa ukayasomea nyumbani bila mtandao, maana ukilazimika kuwa hewani muda wote bando litakumaliza kabla ya mtihani. Na uhakikishe chuo kinatambuliwa: vyuo vikuu viko kwenye orodha ya TCU, vyuo vya ufundi na vya kati viko NACTVET, unaangalia bure hapo hapo ulipokaa. Kusoma kwa masafa hapa nchini siyo jambo la wajanja wa juzi, Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1992 na kina watu wengi tu walioajiriwa kwa vyeti vyake.

Jambo moja zaidi. Mwaka jana, mwezi wa nane, nilipata meseji kwa namba nisiyoijua: "Shikamoo mwalimu. Ni mimi wa mnazi ulioinama." Bado yuko Dar. Anataka kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sasa kila Jumapili saa tatu usiku, akishamaliza vyombo vya mwajiri wake, namtumia swali moja la herufi 160, naye ananijibu. Nikipokea namjibu usiku huo huo, hata kama jibu lenyewe ni "ngoja nifikirie". Jumapili iliyopita hakujibu. Jumatatu nilimpigia, akasema alikuwa anaumwa jino.

Wengine mliosoma kwa simu mwaka 2020, wa Kenya na Uganda pia, nielezeni kwenu ilikuwaje, na nani alikuwa anawafuatilia. Naona dakika zangu zimeisha, na kuna dada amesimama nyuma ya kiti anasubiri kuchapa.